Sindano ya Mafuta na Mayai ya Mama

Ninayaandika haya kwa ajili ya mwanamume aliyekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali, amejifunika shuka mpaka kidevuni, akiomba asipite mtu anayemfahamu. Ninayaandika pia ili kaka yangu Masalu, kama yupo mtu wa kumsomea, ajue kwamba sijasahau. Nimeshauriwa na wengi nisahau. Wanaonishauri hivyo hawakuwahi kuitwa shangazi mbele ya watoto wa kaya yao wenyewe.

Jina langu ni Maige. Kaya yetu ilikuwa upande wa Magu, mahali ambapo ukipanda juu ya mawe unaliona ziwa. Baba alikuwa amefariki na Masalu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kaya. Mimi nilikuwa mbeba marobota katika kiwanda cha kuchambua pamba. Robota la pamba lilikuwa linabebwa na wanaume wawili, na wakati mwingine, tukitaka kuwachekesha wasichana waliokuwa wakipita, nililibeba peke yangu hatua chache. Nilikuwa na mke, Kabula, niliyemwoa msimu mmoja tu kabla ya hayo yote.

Mwaka huo wakati wa mavuno watoto wa kaya walipata matumbwitumbwi. Mama aliwapaka masizi ya chungu mashavuni kama ilivyo desturi, wakachekana, wakapona. Halafu nikaugua mimi, mtu mzima mwenye mke. Kila aliyeniona alicheka, nami nikacheka nao. Nikajipaka masizi, nikaenda zangu kazini kubeba marobota, kwa sababu nani alikuwa anakaa nyumbani kwa ugonjwa wa watoto? Mashavu yalipoanza kupungua, uvimbe ukashuka kwenye korodani. Nililala chali miguu nimeitanua, nikiuma kona ya shuka ili wanaume wenzangu uani wasinisikie nikilia. Hayo nayo yakapita, nikadhani nimepona.

Kilichofuata hakikuuma, na ndiyo maana nilichelewa. Masika yalipoanza, wembe wangu ulikuwa umeshika kutu kwa sababu ndevu hazikuota tena. Mabega yaliporomoka. Mapaja yalipungua mpaka kaptula ya kazi ikawa inazunguka kiunoni. Kifua, badala ya kupungua, kilianza kulainika na kuchomoza, nikawa sivui shati hata kwenye jua la mchana. Kiwandani nilidondosha robota mguuni kwa mwenzangu, msimamizi akaniambia nisirudi. Chumbani nilimgeuzia Kabula mgongo. Hamu ilikuwa imeondoka yote, na sikuwa na maneno ya kumweleza. Alinifunika tu shuka vizuri, na wema huo uliniuma kuliko uvimbe.

Kabula ndiye aliyenipeleka hospitali ya misheni mjini Mwanza. Alisema tunakwenda kununua kanga, tukapanda lori la pamba. Daktari alikuwa mwanamke Mzungu aliyekaa Usukuma siku nyingi, watu wakimwita Mama Daktari, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Nilipoambiwa nivue nguo mbele ya mwanamke nilitaka kukimbia. Alinipima bila kucheka na bila kunihurumia, akaniambia nivae, akamwita mke wangu aingie.

"Sitawadanganya," alisema. "Watoto hamtapata. Nguvu, sauti, ndevu, hamu ya mke wako, hivyo vitarudi kwa sindano. Lakini utachomwa maisha yako yote. Ukiacha, vitaondoka tena."

Kabula alilia kidogo kwa ajili ya watoto. Kisha akajifuta uso akauliza, "Sindano inaanza leo?"

Ilianza siku hiyo. Ilikuwa dawa ya mafuta mazito, inaingia polepole kwenye tako huku mguu mzima ukifa ganzi, na siku mbili zilizofuata nilitembea nikichechemea. Nilipangiwa kurudi kila mwezi, tena siku ya kliniki ya wajawazito, kwa sababu ndiyo siku Mama Daktari alikuwepo bila kukosa. Basi nilikaa kwenye benchi moja na wanawake wenye matumbo makubwa, mwanamume peke yangu. Nilijiandaa kuchekwa. Hawakunicheka. Walinisogezea nafasi, na mama mmoja wa Ukerewe, miguu imemvimba, alinimiminia karanga za kuchemsha kiganjani akasema, "Kula, baba, hapa tunakaa sana." Kama unaanza matibabu haya, nakuambia usiwaogope watu wa kwenye benchi. Waogope wa nyumbani kwako.

Nyumbani nilifanya kosa ambalo naamini wengi wetu tungelifanya. Kwetu sindano ilikuwa inaheshimiwa mno. Mtu akichomwa sindano anaona kazi yote imekwisha, yeye anasubiri. Nami nilikaa kivulini nikisubiri misuli iote kama mahindi. Sauti ilianza kuzama kidogo, na ndevu chache zikachungulia. Mwili ulibaki vilevile, mikono miembamba na kifua cha aibu.

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukila. Wanaume wa kaya hula uani, kwenye moto wa wanaume tunaouita shikome, kabla jua halijazama sawasawa. Ugali unaletwa kwa pamoja, kitoweo kinakuja kwenye chungu chake, na mkubwa wa kaya ndiye anayegawa. Mkubwa alikuwa Masalu. Nilipokuwa mbeba marobota alinitupia finyango nzuri. Nilipodhoofika, mgao wangu ulipungua. Kwanza nilipewa mfupa, baadaye mchuzi, na mwishowe nikawa nachovya tonge kwenye chungu kilichokwisha kufutwa na wengine. Akinitazama nikifanya hivyo alikuwa akiwaambia watoto, "Msalimieni Shangazi Maige." Watoto walicheka kwa kuwa yeye alicheka. Nilivumilia. Kukaa pale, hata kwa njaa, ndiko kulikokuwa kunanifanya bado nihesabiwe mwanamume.

Pamba ilipokuwa ikivunwa tena, Masalu alimwita baba mdogo Ndaki, mzee wa ukoo wetu, pamoja na wazee wengine. Nami niliitwa. Kabula alisimama nyuma ya ukuta wa jikoni akisikiliza.

"Baba mdogo," Masalu alisema, "mdogo wangu amekufa akiwa amesimama. Mtu akifa, mke wake anarithiwa na ndugu. Sisemi kwa ubaya. Kabula ni kijana, anatakiwa azae watoto wa ukoo huu. Mimi nipo."

Alisema mbele yangu, nimekaa hapo, natazama vidole vyangu vya miguu. Baba mdogo Ndaki alikuwa mtu wa haki, lakini haki ya zamani. Alifikiri, akasema mwanamume anayelima shamba lake mwenyewe hajafa. Mvua za kwanza zikifika, kijiji kikitoka kulima, nitalima shamba langu mbele ya watu. Nikiweza, Kabula ni wangu na maneno yafungwe. Nikishindwa, atahamia nyumba ya Masalu.

"Kumbe mnanigawana kabla mwenyewe hajazikwa!" Kabula alipiga kelele kutoka nyuma ya ukuta. Wazee waliinama. Masalu alicheka, akanigeukia.

"Basi kwa sasa nenda ukale na wenzako jikoni. Hapa panakaa wanaume."

Hakuna mzee aliyemkanya. Niliinuka, nikapita katikati yao, nikaingia jikoni kwa mama, nikakaa sakafuni nikalia bila kujificha. Mama na Kabula waliniacha nilie. Sikujua kwamba Masalu alikuwa amenipa kitu ambacho asingenipa kamwe kama angejua thamani yake.

Mwezi ule nilipokwenda hospitali Mama Daktari alinishika mkono juu ya kiwiko akauminya, akakunja uso.

"Jana ulikula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na ugali, Mama."

Alikasirika kweli. Aliniambia sindano yake si chakula. Sindano inaleta fundi wa kujenga nyumba, alisema, lakini fundi akifika akakuta hakuna hata tofali moja, atafanya nini? Atakaa. Akanitajia matofali. Samaki, hata wadogo. Maharage, choroko, karanga. Maziwa. Mayai kila siku nikiyapata. Nyama nikiiona. Ugali niendelee nao, ila usitangulie peke yake. Kisha nifanye kazi ya kuuchosha mwili, kidogo leo na zaidi kesho, kwa sababu mwili haujengi mahali ambapo haukuombwa. Kabula alimsikiliza akiitikia kwa kichwa, na kwenye lori tukirudi midomo yake ilikuwa inacheza, anapanga.

Asubuhi iliyofuata mama aliweka mbele yangu bakuli la mayai ya kuchemsha. Nilishtuka. Mayai nyumbani kwetu yalikuwa yakiachwa yaanguliwe, na mwanamke wa kwetu hali yai, wala kuku. Ndivyo walivyolelewa, mama na wanawake wote waliomtangulia.

"Mama, haya ni ya nani?"

"Ya nani tena? Humu jikoni nani mwingine anaruhusiwa kula yai? Mimi sili. Mkeo hali. Kuku wanataga. Kula, mwanangu."

Nikala. Nikala kila siku. Nikagundua jambo ambalo mwanamume wa uani halijui mpaka anakufa, nalo ni kwamba chakula kipo jikoni. Kinachofika kwenye shikome ni kile kilichobaki baada ya kuonjwa, kumegwa na kufichwa. Kabula alikuwa akishuka ziwani na wanawake wenzake kuchukua furu, wale samaki wadogo wenye miiba ambao Masalu alisema ni chakula cha watoto. Aliwakausha, akawatwanga pamoja na karanga, akanimwagia kwenye maharage. Mama alinitengea maziwa mgando kwenye kibuyu chake mwenyewe. Choroko zilikuwa zinakuja asubuhi na jioni. Kwa kweli kuna siku nilikula mpaka nikachoka kutafuna, na nilipochoka nilimkumbuka Masalu akisema "Mimi nipo," nikaongeza tonge. Nilikula kwa hasira. Sijui kama madaktari wanaikubali hasira kama kiungo, kwangu ilifanya kazi.

Nani angetuona? Kwetu mwanamume kuchungulia jikoni ni aibu, na kuangalia chungu cha wanawake ni aibu kubwa zaidi. Masalu aliyejigamba ni mwanamume kuliko wote hakuweza hata kupitisha kichwa mlangoni. Nilijengwa mbele ya pua yake, ukuta wa udongo ukiwa kati yetu, na kila jioni nilimsikia akigawa mifupa kwa sauti.

Kazi ya kuuchosha mwili nayo niliifanya humohumo. Nilitwanga mtama. Nilisaga kwenye jiwe. Mwanzoni mchi wa mke wangu ulinishinda, nikapumzika kila mara, Kabula akanicheka, "Mbeba marobota, eti!" Alicheka kwa upendo na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza tangu masika. Alfajiri nilichota maji kabla watu hawajaamka. Baadaye nikaanza kwenda kupasua kuni kwenye mawe upande wa ziwa ambako hakuna njia.

Kabla kiangazi hakijaisha mikono ilirudi. Mapaja yakajaa. Kifua kile laini kikakaza, ingawa hakikurudi sawa kabisa, na mpaka leo upande wa kushoto una uvimbe mdogo. Mwenzangu, usitegemee kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Na usiku mmoja nilimgeukia Kabula. Hayo mengine ni yetu.

Nilimwomba Kabula asimwambie mtu. Alininyoa ndevu kila zilipochomoza, ili Masalu asizione. Nilikuwa na koti kuukuu la jeshi la marehemu baba, refu mpaka magotini, nikalivaa hata kwenye joto, nikapita uani nimeinama huku nikijikohoza. Masalu aliponiita Shangazi niliitika, "Abee." Nakiri nilifurahia. Mama hakufurahia. Aliniambia, "Mwanangu, mwambie tu umepona, haya yaishe." Nikamwambia yataisha mvua zikinyesha.

Zikanyesha. Kijiji kikatoka na majembe, ngoma ikaanza, watu wakajipanga mstari shambani kwangu. Baba mdogo Ndaki alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Masalu alikuwa ametangulia, jembe begani, amepaka mafuta. Aliwaambia watu kwa sauti kwamba mdogo wake asisumbuliwe, atamlimia yeye, maana kuanzia jioni shamba na mwenye shamba wote wako mikononi mwake. Watu wengine walicheka. Wengine walinitazama kwa huruma.

Nilivua koti. Ndani sikuwa nimevaa shati.

Sitasema ngoma ilinyamaza, kwa sababu mpiga ngoma alikuwa mlevi wala hakuona kitu. Lakini wanawake walipiga vigelegele, na mzee mmoja alisema, "Loo!" Nikaenda kusimama kwenye mstari, si mahali pengine, bali pembeni ya Masalu, nikaweka jembe chini.

"Shikamoo, kaka."

Akainua jembe lake. Tukaanza. Udongo ulikuwa mzito, umeshiba maji. Mwanzo alinitangulia kwa sababu alifanya haraka, mimi nikafuata mwendo wa ngoma kama tulivyofundishwa. Jua lilipokuwa kali nilimfikia. Nilisikia pumzi yake ikikwaruza. Ningeweza kumpita na kwenda zangu. Sikumpita. Nilibaki naye bega kwa bega, jembe kwa jembe, nikimlazimisha, na kila alipotaka kupumzika niliongeza. Alipoinuka kushika kiuno, watu wote walimwona. Alipopiga magoti, nililima mpaka mwisho wa tuta langu, nikarudi, nikalima na lake, nikimzunguka pale alipokaa kama unavyolima ukizunguka kisiki.

Baba mdogo Ndaki alisimama akasema maneno yamefungwa. Kabula alikuja na maji, akanipa mimi, akampita shemeji yake bila kumtazama.

Hatukukaa pale. Tulihamia mjini, Kirumba, nikapata kazi ya kupakua magunia bandarini. Mama aliendelea kunitumia mayai kwenye kapu la majani mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Sindano naendelea nazo, na miaka ile meli ilipochelewa na dawa kukosekana, nilijua mapema kwa uchovu na kwa wembe. Kabula naye ameanza kula mayai. Anasema akili yake imemwambia kwamba kitu kilichomrudisha mumewe hakiwezi kumdhuru yeye.

Wiki ya Uhuru, Mwanza yote iko barabarani na bendera mpya, Masalu alikuja kwetu. Amekonda, amebeba mchele wa Magu kwenye kitambaa. Alikaa, tukasalimiana, akasema, "Maige, sasa tuko huru, watu wote ni ndugu. Ya zamani tuyaache."

"Aliyeondoka ni mkoloni, kaka," nikamwambia. "Wewe bado upo."

Kabula alipika. Alileta sato mzima, ugali, maharage, maji ya kunawa. Masalu alinawa, akasogea mkekani ili nipate nafasi, akanisubiri. Kwetu mwenyeji hula na mgeni wake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti.

"Hutakula nami?"

"Wewe kula, kaka. Usiache kitu."

Alimega tonge. Alimsogeza samaki upande wangu, nikamrudishia. Akala peke yake, polepole, mimi namtazama mpaka mwisho, na Kabula mlangoni hakusema neno la kunizuia. Watu wa dini wananiambia kinyongo kinaharibu mwili. Wangu unaonekana.

Alipomaliza, mikono bado ina mchuzi, aliniuliza bila kuinua uso, "Nikifa, utakuja kunizika?"

"Nitakuja," nikamwambia. "Kaburi nitachimba mimi mwenyewe, peke yangu. Nguvu ninazo."

Kabula akamletea maji anawe.